Je, Ni Wakati wa Kubadili Simu?

Katika ziara zetu za vikundi vya kuweka na kukopa, swali moja limetufuata kutoka Kamachumu hadi Nshamba, na kutoka Izigo hadi vijiji vya Bukoba Vijijini: mtu abadili simu yake baada ya miaka mingapi? Mwanzoni tulilichukua kama swali la vijana. Tuliacha kucheka siku tulipokaa na kikundi kimoja wilayani Muleba kilichokuwa karibu kuvunjika kwa sababu hiyo.

Ilikuwa hivi. Mwanachama mmoja, mkulima wa kahawa na migomba, aliomba mkopo wa shilingi 350,000 anunue simu janja mpya. Aliyokuwa nayo ilikuwa bado inapiga na kupokea. Katiba ya kikundi inasema mkopo ni kwa ajili ya "shughuli za maendeleo". Wengine wakasema simu ni anasa. Wengine wakamuuliza katibu kama yeye angeweza kutuma mahesabu ya kikundi bila simu. Mkutano ukaisha bila jibu na mkopo haukutoka. Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba ndugu yule amepata fedha kwa njia nyingine. Ameingia butura.

Kwa wasomaji wetu walio nje ya Kagera, butura ni kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua. Mwenye fedha humpa mkulima kiasi fulani leo, na kahawa ikiiva inakuwa yake kwa bei waliyopatana wakati mkulima ana shida. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita butura kwa miaka mingi, lakini haijaisha, maana shida haingoji mavuno. Tulizoea kuisikia ikitajwa pamoja na ada ya shule, ugonjwa na msiba. Sasa na simu imo.

Wanakikundi walituomba tuandike jambo hili jaridani, ili nao wapate pa kuanzia watakaporudi kwenye kikao. Tumezungumza na mafundi wa mjini Bukoba na wa Muleba, tumepiga hesabu, na tumejichunguza na sisi wenyewe ofisini.

Tuanze na kabati letu

Tukiri kwanza. Kwa miaka kadhaa ofisi yetu ilikuwa ikiwabadilishia wahudumu wa vijijini simu kila baada ya miaka miwili. Hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini miwili. Iliandikwa hivyo kwenye bajeti ya mradi wa kwanza, nasi tukaendelea kuinakili. Tulipofungua kabati wakati wa kuandaa makala haya tulikuta simu saba "mbovu". Tulimpelekea fundi zote. Mbili zilihitaji betri tu. Moja tundu lake la kuchajia lilikuwa limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni. Alilisafisha kwa dakika chache na hakutaka hata kulipwa. Moja haikuwa na ugonjwa wowote ila ilikuwa imejaa picha na video hadi haiwezi kufanya kazi. Tatu ndizo zilizokuwa zimekufa kweli.

Kwa hiyo simu nne kati ya saba tulizistaafisha kabla ya wakati wake, kwa fedha za watu. Tunaliandika hili ili msomaji asidhani tunawasema wakulima peke yao.

Hesabu ya mwezi

Bei ya dukani haimwambii mtu gharama ya simu. Inayomwambia ni bei hiyo ikigawanywa kwa muda ambao simu itamtumikia. Tuchukue mfano. Takwimu ni za kufanyia hesabu tu, kila mmoja aweke bei za kwake.

Tuseme umenunua simu kwa shilingi 300,000 na ukaibadili baada ya miaka miwili. Kila mwaka imekula shilingi 150,000, yaani 12,500 kwa mwezi, kabla ya bando na vocha. Sasa tuseme simu hiyo hiyo umekaa nayo miaka minne. Katikati umebadilisha betri kwa shilingi 25,000 na kioo kwa shilingi 60,000. Jumla umetumia 385,000. Ukigawa kwa miaka minne ni shilingi 96,250 kwa mwaka, kama 8,000 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya shilingi 50,000 kila mwaka, na hapo tumehesabu matengenezo mawili ambayo wengi hawayafikii.

Sasa ingiza butura. Mtu amepokea shilingi 300,000 kwa kahawa ambayo wakati wa mavuno ingemletea, tuseme, 600,000 kupitia chama chake cha msingi. Simu yake haikugharimu 300,000. Imegharimu 600,000. Akiibadili baada ya miaka miwili, kila mwaka imekula 300,000, ambayo ni bei nzima ya simu nyingine. Tulipoiandika hesabu hii ubaoni mbele ya kikundi, chumba kilinyamaza. Mama mmoja akasema polepole kwamba basi wao ndio waliomuuza mwenzao, maana mkopo wa kikundi ungemgharimu riba ndogo tu.

Hatuna hakika kama alikuwa na haki ya kujilaumu hivyo. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo sisi tulikuwa tumelipita. Swali la mtu abadili simu lini haliwezi kutenganishwa na swali la fedha inatoka wapi.

Simu za mkopo zinazolipwa kwa siku au kwa wiki nazo zihesabiwe vivyo hivyo. Chukua kitangulizi, ongeza malipo yote hadi siku ya mwisho, kisha linganisha na bei ya taslimu. Simu hizi huwa na programu inayoifunga simu mteja akichelewa kulipa. Kwa kijana wa bodaboda, au mama anayeuza dagaa Kemondo, mapato ni ya kila siku na malipo ya kila siku yanaweza kumfaa. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu. Simu itafungwa mara nyingi kabla mavuno hayajafika, na simu iliyofungwa haimletei mtu kitu. Mwenye ndizi za kuuza kila wiki yuko katikati. Yeye apige hesabu ya wiki mbaya, asipige ya wiki nzuri.

Kinachozeeka ni nini?

Mtu akituambia simu yake imezeeka, siku hizi tunamwuliza: sehemu gani? Simu haizeeki yote kwa pamoja. Ni kama nyumba. Paa likivuja hatuhami kijiji.

Mara nyingi inayotangulia kuchoka ni betri. Betri za simu za leo ni za lithiamu, na huchoka kwa idadi ya kuchajiwa na kwa joto. Betri ya kawaida, baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Zilizo bora zaidi hufika mara 800 au hata 1,000. Kuchaji kutoka nusu hadi kujaa mara mbili huhesabiwa kuwa mara moja. Anayeimaliza na kuijaza simu kila siku anafikisha mara 500 katika mwaka mmoja na miezi minne hivi. Ndiyo maana malalamiko ya "haikai na chaji" huanza kwenye mwaka wa pili, na ndiyo maana wengi hukimbilia simu mpya wakati huo huo. Walichokihitaji ni betri. Katika simu nyingi za sasa betri imefungiwa ndani, haitoki kwa ukucha kama zamani, lakini fundi mwenye vifaa huibadilisha bila shida.

Joto hufupisha maisha ya betri kuliko watu wanavyodhani. Tumeona simu zikichajiwa juu ya bati kando ya paneli ya sola, jua la saa saba likizichoma. Paneli inahitaji jua. Simu inahitaji kivuli. Ivute waya hadi ndani. Kuchaji chini ya mto wa kulalia nako si kuzuri kwa betri wala kwa aliyelala.

Adui wa pili hapa kwetu ni maji. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Simu iliyolowa izimwe mara moja, ipanguswe, tundu la kuchajia lielekezwe chini, na iachwe penye hewa hadi ikauke kabisa kabla ya kuchajiwa. Usiizike ndani ya mchele. Mwaka 2024 Apple waliwaonya wateja wao waache desturi hiyo, kwa kuwa chembe ndogo za mchele zinaweza kuingia na kuharibu simu. Mchele tuupike. Na radi zikianza, chomoa chaja ukutani.

La tatu ndilo tunaloliona kuliko yote, nalo halihitaji fundi: simu imejaa. Mtu yuko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la jumuiya, la kikundi, la waliosoma pamoja, la harusi iliyokwisha miaka miwili iliyopita. Kila video ya salamu za asubuhi inashuka yenyewe na kukaa ndani ya simu. Nafasi ikiisha, simu inakuwa nzito, inagoma kupiga picha, inakataa kupokea maboresho. Mwenyewe anasema imezeeka. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zuia picha na video zisishuke zenyewe, kisha tazama ni kundi gani limekula nafasi kubwa na ufute usiyoyahitaji. Utaokoa na bando pia. Mhudumu wetu mmoja alifuta video zaidi ya elfu moja jioni moja, na simu aliyokuwa ameiandikia barua ya kubadilishiwa ikaamka. Barua akaichana.

Kioo kilichopasuka kinategemea. Kama bado unasoma na kuandika bila kujikata, kinaweza kusubiri. Kikianza kubonyeza chenyewe, usifungue huduma za fedha kwenye simu hiyo mpaka kitengenezwe.

Simu inayofungiwa mlango

Yote hayo fundi anayaweza. Lipo moja asiloliweza, nalo ndilo sababu ya haki ya kubadili simu iliyo nzima.

Simu janja hufanya kazi kwa programu kuu, ambayo kwa simu nyingi za hapa kwetu ni Android. Waliotengeneza simu hutuma maboresho ya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatumia. Baada ya muda wanaacha kutuma. Simu haizimiki siku hiyo. Inaendelea kupiga, kupokea na kuwaka tochi. Lakini matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena, na programu moja baada ya nyingine zinaanza kuikataa.

Tumeliona hili kwa macho. Tarehe 1 Novemba 2021 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 4.1, na tangu hapo imeendelea kupandisha kiwango. Wengine wetu walinunua vile vitochi vyenye intaneti, vya mfumo wa KaiOS, wakaridhika navyo. Katikati ya mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa dukani mwa KaiOS, na mwanzoni mwa 2025 ikakoma hata kwa waliokuwa nayo. Simu zenyewe zilikuwa nzima. Kwa katibu wa kikundi aliyekuwa akipokea taarifa zote kwa WhatsApp, ilikuwa kama kufungiwa mlango wa ofisi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, swali la kwanza lisiwe kamera ina macho mangapi. Uliza: simu hii itapata maboresho ya usalama hadi mwaka gani? Mwaka 2024 Samsung walitangaza miaka 7 kwa Galaxy S24, simu ya bei kubwa, na miaka 6 kwa Galaxy A16, ambayo ni ya bei ya chini zaidi. Umoja wa Ulaya nao umeweka kanuni, iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, kwamba simu za aina mpya zinazoingizwa katika soko lake zipate maboresho ya programu kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7. Kanuni hiyo haifiki Mutukula. Lakini inatuonyesha kwamba simu ya miaka mitano au saba inawezekana, na kwamba tunapouziwa ya miaka miwili, kuna aliyeamua iwe hivyo.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza. Siku uliyoinunua wewe haihusiki. Simu iliyokaa kwenye kabati la duka miaka mitatu inaweza kuwa mpya kabisa kwenye boksi lake, huku muda wake wa maboresho umekwisha. Washa simu palepale dukani, ingia mipangilio, kisha sehemu ya "Kuhusu simu", usome toleo la Android na tarehe ya boresho la mwisho la usalama. Muuza duka mwema hatakasirika. Tarehe ikiwa ya zamani sana, bei nayo ishuke, au uende duka la jirani.

Simu za mtumba hupimwa kwa kipimo hicho hicho, na wakati mwingine iliyotumika mwaka mmoja na yenye miaka minne mbele inakufaa kuliko mpya isiyo na mbele. Ila bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho wake, uilinganishe na iliyo kwenye boksi na risiti. Wengi wanakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, na watu wakaamka na simu zisizosema neno. Hakikisha pia mwenye simu wa kwanza ameondoa akaunti yake mbele yako, la sivyo umenunua kioo cha kujitazamia.

Kazi ya simu na mwenye simu

Tuliwauliza wanakikundi simu inawafanyia kazi gani. Wengi walitaja kupiga, kupokea fedha, kutazama matokeo ya mtihani ya watoto, taarifa za misiba, na kujua kahawa imeuzwa kwa bei gani mnadani. Nusu ya hayo hayahitaji simu janja kabisa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 watu walikuwa na vitochi, na mpaka leo *150*00# inafunguka kwenye kitochi. Nasi tunaliona jambo la busara wanalofanya watu wengi wa Kagera, kubaki na kitochi chenye laini ya fedha, kikakaa nyumbani au kwenye mkoba, huku simu janja ikibeba laini nyingine kwa mambo mengine. Simu janja ikizeeka, au mtoto akiichezea, fedha haiko hapo. Tukumbuke tu kwamba ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" huingia kwenye simu zote, mpya na kuukuu, na dawa yake haiuzwi dukani.

Zipo kazi zinazohitaji simu nzuri. Mnyauko wa migomba, ambao tangu mwaka 2006 unajulikana kuwa umeingia mkoani kwetu, bado unatafuna vibanja, na picha nzuri iliyotumwa mapema kwa bwana shamba inaweza kuokoa migomba ya jirani. Kwa mihogo ipo programu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili, ambayo hutazama jani kupitia kamera na kukisia ugonjwa hata pasipo intaneti. Mhamasishaji wa kijiji anayefanya kazi hizo akiwa na simu isiyopiga picha ya kueleweka, amefungwa mikono.

Hapo ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo halitawafurahisha wote. Katika nyumba nyingi tunazozitembelea simu hushuka kama nguo. Baba ananunua mpya. Iliyopasuka kioo inakwenda kwa mama. Mama akiichoka inakwenda kwa kijana. Lakini mara nyingi mama ndiye katibu wa kikundi, ndiye anayepigwa picha kibanja na bibi shamba, ndiye anayepokea taarifa za kliniki na shule. Simu yenye kazi nyingi zaidi nyumbani ndiyo iliyo mbovu zaidi. Kabla ya kuuliza "nibadili lini?", watu wa nyumba moja waketi waulizane simu ya nani imeshindwa kazi yake. Mzee mmoja wa Izigo tulipomwambia hivyo alicheka, akatoa simu yake mfukoni, akamkabidhi mkewe, akapokea ya mkewe. Alidumu nayo siku tatu, kisha akaenda mwenyewe kwa fundi kubadilisha kioo.

Desemba nayo ni mwezi wa hatari. Ndugu zetu wanakuja likizo kutoka Dar es Salaam na Mwanza wakiwa na simu zinazong'aa, na simu ya mtu wa kijijini inaanza kuonekana mbaya mezani ingawa jana ilikuwa nzuri. Wengine huambiwa lazima wapate ya 5G. Huduma ya 5G ilianza nchini Septemba 2022, na hiyo haina maana kwamba imefika kila kilima. Uliza kwanza mnara wa kijijini kwenu unatoa nini. Kule Bumbire simu ya 5G haitageuza mtandao wa kisiwa.

Tulivyojibu

Tulirudi kwenye kikundi kile tukasema hivi. Hatuwezi kuwatajia idadi ya miaka kama tarehe ya chanjo. Ila kwa hali ya kwetu, anayenunua simu anunue kwa nia ya kukaa nayo angalau miaka minne, na achague ambayo maboresho yake yatafika huko. Akiwa nayo, betri moja katikati aihesabu tangu mwanzo kama mtu anavyohesabu tairi la baiskeli. Aibadili ikiwa programu anayoitegemea kwa kazi imeikataa, au maboresho yamekwisha na hana mahali pengine pa kuweka fedha zake. Fundi akitaja gharama inayozidi nusu ya bei ya simu nyingine inayomfaa, hapo napo aache kutengeneza. Na kama ni betri, vumbi, kioo au video za salamu, asibadili.

Wanakikundi walijadili kwa saa mbili. Waliamua kuwa mkopo wa kutengeneza simu utoke haraka, bila kusubiri zamu. Mkopo wa kununua simu utolewe kama mwombaji ataonyesha kwamba ya zamani imepita kwa fundi, na asiwe na kahawa yoyote aliyoiweka butura. Kifungu hicho cha mwisho kililetwa na ndugu yule yule. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, simu mpya mfukoni, na tangu mwanzo wa kikao hakuwa ameitoa. Alisema kahawa yake ilichumwa na mwenye fedha mwenyewe, na kwamba siku ile alikaa ndani asiione. Simu yake ya zamani anayo bado. Fundi ameibadilisha betri, na sasa inatumiwa na mkewe kwa kazi za kikundi.

Kuhusu simu na betri zilizokufa kabisa

Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo tu ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Ndani ya simu kuna bati, madini ambayo ndugu zetu wa Kyerwa huyachimba kwa jasho, na tantalamu, inayotokana na koltani kama ile ya Rubaya kule Kivu ya Kaskazini, ambayo watu wamekufa kwa ajili yake. Madini hayo tukiyatupa chooni yamepotea, na sumu ya betri inabaki kibanjani.

Betri iliyovimba isitobolewe, isichajiwe wala isitupwe motoni, inaweza kulipuka. Iweke ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto. Mafundi wengi hupokea simu zilizokufa kwa ajili ya vipuri, na tunawaomba wasomaji waanzie kwao. Zinazobaki zileteni ofisini kwetu siku za vikao vya vikundi. Tunaweka sanduku mlangoni, na tutatangaza katika toleo lijalo zimepatikana ngapi na zimepelekwa wapi.